Fundi Mizani na Pumzi ya Chiriku

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Fundi Mizani alifuta meza kwa kitambaa kikavu. Kisha alitandika karatasi safi. Juu ya karatasi aliweka daftari la jalada la bluu, kalamu ya wino, na kimashine cheupe kinachoenea kiganjani. Alivipanga kwenye mstari mmoja. Ndivyo alivyopanga vifaa vyake kazini kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakuona sababu ya kubadilika uzeeni.

"Chiriku! Njoo upulize."

"Nakuja, Babu. Kuna jambo namalizia kumwambia mwanasesere."

"Mwambie asubiri. Kipimo hakisubiri mtu."

Mjukuu wake alikuja akiwa miguu mitupu. Alikuwa msichana wa miaka tisa, mwembamba, mwenye macho makubwa. Jina la Chiriku alipewa na majirani. Alianza kuongea mapema, na tangu siku hiyo hakuna aliyefanikiwa kumfunga mdomo. Aliketi wima, miguu yote miwili sakafuni. Babu alimwekea kibanio puani. Mtoto akavuta hewa mpaka kifua kikajaa, akabana midomo kwenye mdomo wa kimashine, akapuliza kwa nguvu zake zote.

"Puliza, puliza, puliza! Usiache! Maliza yote!"

Alipuliza mara tatu. Kila mara namba ilitokea kwenye kioo kidogo. Namba hiyo ilionyesha ni lita ngapi za hewa zimetoka kifuani katika sekunde ya kwanza. Babu alichagua iliyo kubwa kuliko zote, akaiandika kwa wino: 1.62. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa herufi zilizosimama. Alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, katika shule ya jioni, na mpaka leo hakuwahi kuandika jambo ovyoovyo.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Chiriku aliugua saratani ya damu. Madaktari walimpa dawa kali, ugonjwa ukaondoka, ukarudi. Wakasema imebaki njia moja, nayo ni kumpandikiza uloto. Uloto ni ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo zimo seli mama zinazotengeneza damu. Kaka yake Chiriku, aliyekuwa akisoma shule ya bweni, alipimwa, akaonekana analingana naye. Akatoa uloto wake. Chiriku akakaa hospitalini wiki nyingi katika chumba cha peke yake, na watu walimwona kupitia dirisha la kioo. Nywele zilimtoka, kisha zikaota upya. Damu mpya ikaanza kufanya kazi. Siku aliyorudi nyumbani, mama yake alilia kwenye ngazi mpaka akaketi.

Mama huyo alikuwa mjane. Alipiga pasi katika kiwanda cha nguo, na Jumamosi pia alikwenda kazini mpaka alasiri. Kwa hiyo kazi ya kimashine iliangukia kwa baba yake, Fundi Mizani. Na Fundi Mizani aliipokea kama cheo.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyewapa kimashine hicho. Siku hiyo alieleza mambo mengi.

"Mtoto aliyepandikizwa uloto anaweza kupata shida ya mapafu baadaye," alisema. "Miezi sita, mwaka, hata miaka miwili. Shida hiyo huingia kimyakimya. Mtoto anacheka, anakula, nanyi mnaona mzima. Kumbe njia za hewa zinabana. Ndiyo maana tunapima hapa kila miezi mitatu, na nyumbani kila wiki."

Akafungua jalada la daftari, akaandika kwa ndani: Ikishuka chini ya 1.46, pigeni simu siku hiyo hiyo. Halafu akamgeukia mama. "Na wewe mama, puliza." Mama akapuliza. Muuguzi akaandika chini ya yale maneno: Mama, 2.98.

Fundi Mizani hakusikiliza sana hapo mwishoni. Alikuwa amekishika kimashine, anakigeuzageuza, anatafuta skrubu.

*

Majuma mawili ya kwanza yalikwenda vizuri. Namba ilikuwa 1.61, ikawa 1.62. Juma la tatu ikawa 1.57.

Fundi Mizani alikunja uso. Akamwambia Chiriku apulize tena. Ikawa 1.56.

"Sijapuliza vizuri, Babu?"

"Umepuliza vizuri sana. Tatizo si wewe."

Alikiinua kimashine, akakitikisa karibu na sikio. Katika maisha yake alikuwa ametengeneza mizani za kila aina. Mizani za maduka, mizani za magunia, mizani ndogo za dawa zinazotikiswa hata na pumzi ya mtu. Alijua ugonjwa wa kila moja. Mizani ikichafuka, huruka huku na huku. Ikivunjika, husema uongo mkubwa mara moja. Lakini springi ikichoka, mizani hupunguza polepole, upande mmoja tu, wiki hadi wiki.

"Imechoka hii," alisema. "Springi inalegea."

Mizani ya namna hiyo alijua cha kuifanyia wakati inasubiri springi mpya. Unatafuta tofauti, unairudisha. Akaandika kwa wino 1.62. Pembeni, kwa penseli, akaandika kidogo sana: +0.05. Hiyo ilikuwa tabia ya kazi yake. Kila alichoongeza au kupunguza kwenye mizani ya mtu alikiandika, ili fundi mwingine akija aelewe.

Juma la nne kimashine kilionyesha 1.52. Fundi Mizani akaamua kukihukumu mara moja. Akafuta mdomo wake, akavuta hewa, akapuliza yeye mwenyewe. Kioo kikaonyesha 1.93.

Alicheka kwa sauti. "Mimi? Mimi niliyebeba mizani ya magunia mgongoni, nikapanda nayo ngazi za maghala? Mimi nina lita moja na ushee, kama kibuyu cha mtoto? Kimejisema chenyewe!"

"Labda umezeeka, Babu," alisema Chiriku.

"Aliyezeeka ni huyu mweupe."

Akaandika 1.62. Pembeni, kwa penseli: +0.10.

Mama aliporudi kazini, alifungua daftari kabla hata ya kuvua viatu. Akaona namba za wino zimesimama pamoja kama askari kwenye gwaride. "Mungu ni mwema," alisema, akalibusu jalada. Hakutazama alama za penseli. Aliziona ni mambo ya ufundi ya baba yake, na mambo ya ufundi ya baba yake yalijaa kila kona ya nyumba.

*

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu. Ghorofa ya pili aliishi mshonaji, mwanamke wa makamo, mjane pia, mwenye ulimi mwepesi. Mlango wake ulikaa wazi mchana kutwa, na cherehani yake ilitazama ngazi.

Jumamosi ya nane, kimashine kilionyesha 1.29. Fundi Mizani aliandika +0.33, na mkono wake ukasita. Theluthi ya lita! Marekebisho makubwa hivyo fundi mwenye heshima hayaachi. Mizani ikifika hapo, inabadilishwa springi. Akaazimia kupiga simu kliniki waletewe springi mpya. Akashuka kwanza kununua sabuni.

Aliporudi, mshonaji alimwita.

"Fundi, nina neno nawe."

"Kama ni uzito wa kitambaa, kitambaa hupimwa kwa futi."

"Weka utani wako mfukoni. Ni habari ya mjukuu wako."

Fundi Mizani akasimama.

"Zamani akifika hapa, cherehani yangu inasimama," alisema mshonaji. "Ananiuliza hili, ananisimulia lile, mpaka namfukuza nipate kushona. Siku hizi anashika fremu ya mlango, ananitazama tu. Namwuliza, Chiriku, leo umegombana na nani? Anatabasamu. Hajibu mpaka mabega yatulie. Kisha anapanda ngazi zilizobaki."

"Amekua. Mtoto akikua hutulia."

"Sawa. Lakini kutulia gani huko kunakopandisha mabega?"

"Daftari linasema yuko vizuri."

"Mimi sina daftari," mshonaji alisema, akarudisha macho kwenye nguo. "Mimi nina mlango."

Fundi Mizani alipanda ngazi. Neno lile lilimganda moyoni, ingawa alijaribu kulibandua. Akakumbuka kwamba Chiriku hakuwa tena mkimbiaji katika michezo ya uani. Alikuwa mtunza alama. Yeye, Babu, alikuwa amemsifu kwa hilo. "Umepata kazi ya heshima," alimwambia. Akakumbuka pia kikohozi kikavu cha asubuhi, kidogo, cha kama mtu anayesafisha koo. Walisema ni vumbi.

*

Alasiri mama alirudi. Fundi Mizani alikuwa ameshika simu tayari. Kliniki ilipokea, na sauti ilikuwa ya muuguzi yule yule.

"Mwanangu, mimi ni babu yake Chiriku. Naomba springi."

"Unaomba nini, mzee wangu?"

"Springi ya kimashine cha kupulizia. Iliyomo imechoka. Nileteeni tu, nitaifunga mwenyewe, msihangaike na fundi."

Muuguzi alicheka kidogo. "Mzee, mashine hiyo haina springi. Ndani yake mna feni ndogo sana. Hewa ikipita, inaizungusha. Betri ikiisha inazima kabisa. Haina cha kuchoka."

"Kila kipimo kinachoka."

"Kwani kinafanya nini?"

"Kinapunguza. Kila wiki kinapunguza kidogo."

Kicheko cha muuguzi kilikatika.

"Mzee, fungua jalada la daftari. Umeona nilipoandika namba ya mama?"

"Nimeona. Mbili pointi tisa nane."

"Mama yupo hapo? Naomba apulize sasa hivi. Mimi nasubiri."

Mama alikuwa bado na mkoba begani. Hakuelewa, lakini aliketi, akaweka kibanio, akapuliza mara tatu. Fundi Mizani alitazama kioo.

2.99.

Alimwambia apulize tena. 2.97.

Hapo ndipo Fundi Mizani alipoelewa. Miaka yote ya kazi yake ilikuwa na sheria moja, aliyofundishwa na fundi wake siku ya kwanza kabisa. Mizani haiguswi kabla ya kuwekewa jiwe. Jiwe lile la shaba, la uzito unaojulikana, alilifunga kwenye ngozi laini na kulishika kwa koleo, ili hata jasho la vidole lisiongeze uzito. Alikuwa amewafukuza vijana wawili kazini kwa kuvunja sheria hiyo. Na sasa yeye, katika nyumba yake, alikuwa amerekebisha kipimo bila jiwe. Jiwe lilikuwepo. Liliandikwa ndani ya jalada, kwa mkono wa muuguzi, tangu siku ya kwanza. Jiwe lilikuwa mama.

"Mzee, upo?"

"Nipo." Alikirudisha kimashine kwenye karatasi yake. "Kimashine kizima."

"Basi nisomee namba za mtoto. Zile ulizoziona kwenye kioo."

Fundi Mizani akazisoma. Hakuzisoma za wino. Alichukua ya wino, akapunguza ya penseli, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Moja pointi tano saba. Moja pointi tano mbili. Moja pointi nne saba. Moja pointi nne moja. Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Mkoba ulimteleza begani ukaanguka sakafuni, na hakuna aliyeuokota.

"Ana homa?" muuguzi aliuliza.

"Hana."

"Midomo yake ina rangi gani? Kama kawaida?"

"Kama kawaida."

"Anaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi?"

Fundi Mizani alimtazama mjukuu wake. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, mwanasesere mkononi, kimya.

"Sijui," alisema mzee. "Siku hizi hasemi sana."

"Mleteni leo. Msisubiri miadi. Mje na daftari hilo, na msifute kitu."

*

Hospitali ilimlaza Chiriku siku kumi na moja. Picha ya kifua ya kwanza ilionekana safi. Mama alifurahi. Daktari wa mapafu, mwanamume mrefu anayezungumza taratibu, alimwambia asifurahi haraka. Shida hii mara nyingi haionekani kwenye picha ya kawaida. Walimwingiza mtoto katika kijumba cha kioo chenye mashine kubwa ya kupulizia. Walimpiga picha nyingine kwenye mashine ya duara, mara anavuta hewa, mara anaitoa. Wakamlaza usingizi wa dawa, wakachukua maji kidogo kutoka ndani ya mapafu, kutazama kama kuna vijidudu. Havikuwepo.

Siku ya nne muuguzi aliwaketisha kwenye benchi la korido. Alileta karatasi na kalamu.

"Mapafu ni kama mti uliopinduliwa," alisema, akachora. "Shina liko kooni. Matawi yanagawanyika mpaka yanakuwa vijiti vyembamba. Kinga ya Chiriku sasa imetoka kwa kaka yake. Hiyo ndiyo iliyomponya. Lakini wakati mwingine kinga hiyo mpya inaingia mwilini, inatazama huku na huku, inasema, nyumba hii siyo yangu. Inaanza kuvishambulia hivi vijiti vyembamba. Vinavimba, halafu vinapata kovu. Hewa inaingia, lakini inatoka kwa shida."

"Kaka yake akisikia, atajilaumu," mama alisema.

"Mwambieni asijilaumu. Bila yeye tusingekuwa tunazungumza habari za mapafu. Tungekuwa tunazungumza mengine."

Mama aliinamisha kichwa.

"Dawa ipo?" Fundi Mizani aliuliza.

"Ipo ya kutuliza ile kinga. Vidonge, na dawa ya kuvuta kwa mdomo. Daktari amekwishaanza. Uvimbe unaweza kupungua. Kovu haliondoki, mzee. Kazi yetu ni kuzuia kovu lisiendelee."

Swali jingine lilikuwa limemkaa Fundi Mizani siku nne.

"Ningepiga simu juma la sita, ilipovuka ile namba ya kwenye jalada?"

Muuguzi hakukwepa macho yake. "Huenda tungeokoa zaidi kidogo. Sitakudanganya. Lakini mngesubiri miadi yenu, wiki tano nyingine, tungekuta kidogo sana. Na nikuambie jambo jingine. Daktari amelisoma daftari lako ukurasa kwa ukurasa. Kwa sababu ya ile penseli, ameona siku yenyewe shida ilipoanza, na kasi yake. Ungeandika namba za wino peke yake, tungekuwa gizani."

"Penseli ile ndiyo iliyomficha mtoto."

"Ndiyo. Na ndiyo iliyomfichua."

Mzee alisimama, akaenda wodini.

Chiriku alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni. Babu akavuta kiti.

"Chiriku, nimekukosea. Mashine haikuchoka."

Mtoto alifikiri. Alivuta pumzi, kisha akasema kwa vipande vipande.

"Nilijua kuna kitu... kimechoka. Nilidhani ni mimi. Halafu wewe ukasema... ni mashine. Nikaona basi... si mimi."

Maneno hayo yalimwingia mzee kuliko chochote alichoambiwa na daktari. Akaushika mguu wa mtoto juu ya shuka, akaushika tu.

"Ukichoka tena," alisema baadaye, "usimwamini mtu yeyote anayekuambia hujachoka. Hata mimi. Sema."

"Hata nikiwa nacheza?"

"Hasa ukiwa unacheza."

"Basi sasa nimechoka," Chiriku alisema. "Toa kichwa chako hapo, unanizibia dirisha."

*

Waliporudi nyumbani, mambo yalibadilika. Fundi Mizani alihamisha kazi ya kupiga tupa, ambayo humwaga vumbi la chuma, akaipeleka kwenye karakana ya rafiki yake mtaa wa pili. Ukuta wa chumba cha kulala uliokuwa na ukungu walimwomba mwenye nyumba autengeneze, na Chiriku hakulala humo mpaka ukakauka. Mgeni mwenye mafua aliombwa radhi mlangoni. Mjomba mmoja aliyependa kuvuta sigara kwenye roshani aliambiwa ashuke mpaka barabarani. Alinuna, akashuka. Vidonge vilimvimbisha Chiriku mashavu, na watoto wa uani wakamcheka. Yeye akawajibu kwamba amehifadhi chakula humo.

Jumamosi, sasa mama ndiye aliyetangulia kupuliza. Aliomba kiwandani aanze kazi saa moja baadaye siku hiyo, akakubaliwa. Namba yake ikitoka karibu na 2.98, walijua kimashine ni kizima. Ndipo Chiriku alipopuliza. Namba iliyotokea kwenye kioo ndiyo iliyoandikwa. Penseli iliwekwa kwenye mkebe wa mawe ya shaba, na mkebe ukapelekwa karakana.

Majuma ya kwanza mkono wa Fundi Mizani ulikuwa mzito. 1.27. Aliiandika. 1.25. Aliiandika pia, akapiga simu kliniki, wakamwambia waje siku ya pili yake, dawa ikaongezwa kidogo. 1.28. 1.30. 1.29. 1.31. Mstari ulikuwa umelala. Haukupanda kurudi 1.62, na muuguzi alikuwa amewaambia wasitegemee hivyo. Lakini uliacha kushuka. Muuguzi akaandika mpaka mpya ndani ya jalada: Chini ya 1.17, simu siku hiyo hiyo.

Chiriku alipanda ngazi kwa kusimama mara mbili. Alisimama bila aibu. "Napumua kwanza, Babu," alisema, na Babu alisimama naye, amekamata reli, kama mtu anayesubiri mizani itulie kabla ya kusoma.

Siku moja, miezi saba baada ya hospitali, Fundi Mizani alikuwa nyuma kidogo akibeba mfuko wa viazi. Alisikia sauti kutoka ghorofa ya pili. Ilikuwa inauliza kwa nini vifungo vina matundu manne na si matatu, na kama uzi unaweza kuisha duniani, na kama mshonaji amewahi kushona nguo ya mtu asiyempenda. Mshonaji alitokeza kichwa mlangoni.

"Fundi! Mwondoe mtu wako. Kwa sababu yake nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia."

"Siwezi," mzee alisema. "Hana swichi."

Akaegemea ukuta na mfuko wake, asiendelee kupanda. Hakutaka wamwone uso.

Jumamosi iliyofuata daftari la bluu lilijaa. Mama alileta jipya, la jalada jekundu. Chiriku akaomba aliandike yeye. Alikuwa darasa la nne sasa, na mwandiko wake ulikuwa umesimama kama wa babu yake. Mama akapuliza. Chiriku akaandika ndani ya jalada: Mama, 2.98.

"Na wewe, Babu. Tuwe na mawe mawili."

Fundi Mizani akafuta mdomo. Akaketi wima, miguu sakafuni. Akavuta hewa, akapuliza kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Chiriku akasoma kioo.

"Moja pointi tisa tatu."

Mzee alikitazama kimashine. Ilikuwa namba ile ile ya zamani, ile aliyoicheka.

"Haijachoka, Babu," Chiriku alisema kwa upole. "Ni wewe."

"Ni mimi," alikubali Fundi Mizani. "Basi na mimi nitakwenda kupimwa Jumatatu. Andika."

"Niandike ngapi?"

"Ulichokiona, mwanangu. Andika ulichokiona."

Chiriku akashika kalamu ya wino, akaandika.